Vidonge vilivyobaki kabatini: kisa cha vishikwambi vya Mbeya na Morogoro

Mama kaingia na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Homa tangu juzi, kikohozi, usiku hakulala, uji anaukataa. Tabibu anamtazama mtoto, anatupa jicho kwenye foleni ya mlangoni, anaandika kipimo cha malaria. Baada ya robo saa jibu linarudi: hasi. Sasa?

Kila aliyefanya kazi kwenye zahanati zetu anajua kinachofuata. Malaria haipo ila homa ipo, na mama ametembea saa nzima kufika. Ukimwambia arudi nyumbani na paresetamo na maji mengi, ataondoka akinung'unika kwamba dawa zimefichwa. Basi mkono unakwenda wenyewe: amoksilini, siku tano. Kisha daftarini panaandikwa nimonia au UTI, kwa sababu dawa ikishatoka lazima itafutiwe ugonjwa wake.

Kazi yangu ni takwimu za vituo vya afya. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiona nimonia na UTI nyingi mno kwenye ripoti za mwezi, nyingi kuliko akili inavyoweza kukubali, na nikajifunza kuzisoma kama idadi ya watoto waliopimwa malaria wakakutwa hawana. Ndiyo maana utafiti wa ePOCT+, programu ya kishikwambi ya kumwongoza tabibu anayetibu watoto wagonjwa, uliofanyika Mbeya na Morogoro kuanzia Desemba 2021 hadi Oktoba 2022, umenikaa kichwani kuliko habari zote za akili bandia ninazosoma kila wiki. Uligusa hilo "sasa?" la tabibu, na ulikuja na namba ambazo si rahisi kuzipita.

Nianze na namba zenyewe. Vituo 40 vya ngazi ya msingi, zahanati na vituo vya afya, viligawanywa kwa kura. Ishirini vikapewa vishikwambi vyenye programu ya kumwongoza tabibu hatua kwa hatua, kipimo cha damu cha CRP cha kusaidia kutambua maambukizi makali, kipimo cha wingi wa damu, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, na walezi wa kitaalamu wa kuwafuatilia. Ishirini vingine vikaendelea na kazi kama kawaida. Walihesabiwa watoto wa chini ya miaka 15 waliofika wakiwa wagonjwa. Kwa miezi 11 yalirekodiwa mahudhurio 23,593 upande wa vishikwambi na 20,713 upande wa kawaida. Upande wa kawaida, watoto walioandikiwa antibayotiki walikuwa asilimia 70.1. Upande wa vishikwambi, asilimia 23.2.

Piga hesabu ya haraka. Kama vile vituo 20 vingeandika dawa kwa kiwango cha wenzao, dozi zingekuwa kama 16,500. Zilitoka kama 5,500. Dozi zipatazo 11,000 zilibaki kabatini, kwenye vituo 20 tu, ndani ya muda usiofika mwaka.

Ukimpa daktari yeyote namba hiyo, swali lake la kwanza litakuwa: na watoto je? Watafiti waliwafuatilia siku ya saba. Mtoto ambaye hajapona wala hajapata nafuu, au aliyeishia kulazwa bila kupangiwa, alihesabiwa kuwa matibabu yamemshindwa. Hatari hiyo upande wa vishikwambi, ukilinganisha na upande wa kawaida, ilikuwa 0.97, na ukiruhusu kubahatisha kwa takwimu inaweza kuwa popote kati ya 0.85 na 1.10. Kwa lugha ya kawaida: hawakuumia zaidi. Vifo navyo havikutofautiana, wala watoto waliorudishwa nyumbani kisha wakaja kulazwa.

Hapo ndipo waandishi wengi wanapofunga daftari na kuandika kichwa cha habari kwamba teknolojia imeokoa antibayotiki. Mimi nadhani hapo ndipo kazi ya kuchambua inapoanza, kwa sababu upande wa vishikwambi haukupewa kitu kimoja. Ulipewa vitu vitano kwa pamoja, na kishikwambi ni kimojawapo tu.

Tuingie ndani ya hicho kishikwambi. Anayetarajia kukuta akili bandia inayowaza atasikitika. Ndani yake mna mti wa maamuzi, ule ule ulio kwenye miongozo ya matibabu ya watoto wagonjwa tuliyofundishwa miaka nenda rudi, ile yenye vitabu vya kurasa za rangi ya pinki, njano na kijani. Unaingiza umri na uzito. Unaulizwa: anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Ukijibu kikohozi, unaambiwa uhesabu pumzi. Ukijibu homa, unaulizwa ya siku ngapi. Majibu yanafungua matawi mengine au kuyafunga, na mwishoni panatokea ugonjwa unaodhaniwa, dawa, na dozi iliyokwisha kukokotolewa kwa uzito wa mtoto huyo. Tabibu anaweza kukubali au kukataa. Mti huo ulichorwa na watu wakabishana juu yake tawi kwa tawi, na hausogei wenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Mradi uliouzaa uliitwa DYNAMIC, na ndani ya jina hilo mna ndoto ya mti unaojirekebisha kwa kadiri takwimu zinavyoingia. Katika jaribio hili, aliyekuwa kazini ni mti ulioandikwa na watu.

Na mti huo haukuota ghafla Mbeya. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, kwa vipimo ambavyo zahanati ya kawaida haiwezi kuviota. Wakakuta asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22. Wenye malaria walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Ukiziweka namba hizo mbili kando kando, ile ya 22 wenye bakteria na ile ya 70 wanaoandikiwa dawa ya bakteria, kisa chote unakiona.

Baadaye yakaja majaribio Dar es Salaam. La kwanza liliitwa ALMANACH, mwongozo uliowekwa kwenye simu na vishikwambi: waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 15, wakati upande wa kawaida walikuwa 84, na waliopona siku ya saba walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa chache, asilimia 97 kwa 92. Likafuata ePOCT, kati ya 2014 na 2016, kliniki tisa, watoto 3,192, ambalo liliongeza vipimo vya damu na oksijeni juu ya mwongozo. Antibayotiki zikashuka tena hadi asilimia 11.5, dhidi ya 29.7 kwa waliotumia ALMANACH peke yake, na walioshindwa kupona wakapungua kutoka asilimia 4.1 hadi 2.3.

Msomaji makini ameshaona kitu. Namba za Dar es Salaam ni nzuri kuliko za Mbeya na Morogoro. Asilimia 11 kule, 23 huku. Mtu anaweza kusema chombo kimezeeka kabla ya kukua. Mimi nasoma kinyume. Majaribio ya mwanzo yalisimamiwa kwa karibu, mtafiti yuko karibu na chumba. Huku chombo kilikabidhiwa kwa watabibu wa vituo wenyewe, wenye foleni yao, likizo zao za uzazi, uhamisho wao na siku zao za umeme kukatika. Ni kawaida dawa au chombo kupoteza sehemu ya makali yake kikitoka mikononi mwa mtafiti. Kilichonishangaza ni kwamba kilipoteza kidogo.

Sasa turudi kwa yule mama na mtoto wake, maana bila kukaa naye chumbani huwezi kuelewa kipi kilifanya kazi.

Chukua kuhesabu pumzi. Mwongozo unasema mtoto wa miezi 2 hadi 11 anapumua haraka akifika pumzi 50 kwa dakika, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40. Ni rahisi kuandika. Jaribu kufanya. Mtoto analia, kavaa masweta mawili kwa sababu Mbeya asubuhi kuna baridi, mama anamtikisa ili anyamaze, na kila akitikiswa kifua kinapanda na kushuka kwa sababu nyingine. Unatakiwa umvue, umtulize, na uhesabu dakika nzima. Kwenye foleni ya wagonjwa 60, dakika nzima ni mali. Wengi wetu huhesabu sekunde 15 tukazidisha kwa nne, au tunatazama kifua tu tukaandika "RR 42", namba inayopendeza na isiyo na mwenyewe. Kishikwambi hakiwezi kujua kama umehesabu kweli. Kinachoweza kufanya ni kukudai namba. Baadhi ya watabibu watahesabu. Baadhi watajaza.

Hilo silisemi kwa kukisia tu. Watafiti walikaa vyumbani wakaangalia mahudhurio kwa macho yao, wakahesabu ni dalili ngapi kuu ambazo tabibu aliuliza au kupima. Wenye vishikwambi waliwazidi wenzao, na walizidi vizuri. Lakini hata wao, kwa wastani, hawakufikisha nusu ya dalili hizo. Yaani chombo kimeinua hali kutoka duni hadi afadhali. Anayeuza chombo kama hiki kwa wizara yoyote aseme hivyo hivyo, asiongeze chumvi.

Tuseme yule mtoto wetu pumzi zake ni 46. Anapumua haraka. Kwa mwongozo wa zamani, kikohozi na pumzi za haraka maana yake ni nimonia, na nimonia maana yake ni amoksilini. Mjadala umekwisha. Hapa ndipo tone la damu kidoleni linapoingia. CRP ni protini ambayo ini huitoa kwa wingi mwili unapopambana na maambukizi makali, hasa ya bakteria. Kwa mafua ya kawaida hupanda kidogo tu. Kwenye lile jaribio la ePOCT la Dar es Salaam mpaka uliwekwa kwenye miligramu 80 kwa lita: mtoto asiye na dalili za hatari ambaye CRP yake iko chini ya hapo hakupewa antibayotiki hata kama anakohoa na kupumua haraka. Kipimo huchukua dakika chache. Na kina faida moja ambayo haijaandikwa kwenye mwongozo wowote: mama anakiona. Kidole kimetobolewa, damu imeonekana, jibu limetoka. Haondoki na maneno matupu. Tabibu naye ana kitu cha kuegemea, anaweza kusema "mama, damu yake inaonyesha si wadudu wa kuhitaji dawa hii," na asionekane mchoyo.

Nadhani hiki ndicho kiini cha kisa. Antibayotiki kwenye zahanati haikuwa dawa ya mtoto tu, ilikuwa pia jibu la tabibu kwa wasiwasi wake mwenyewe na kwa macho ya mama. Kipimo cha malaria kilipoenea, baada ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kushauri kila mwenye dalili apimwe kabla ya kutibiwa, kiliondoa dawa ya malaria mkononi mwa tabibu bila kumpa jibu lingine. Akachukua lililokuwa karibu. ePOCT+ ilimpa jibu la kushika badala ya dawa ya kushika.

CRP ina mipaka yake. Malaria nayo huipandisha, kwa hiyo pale ambapo watoto wengi wana vimelea damuni, jibu la juu halikuambii mengi juu ya bakteria. Inasaidia zaidi pale ambapo malaria imepungua.

Kisha kuna kifaa cha oksijeni. Kwenye zahanati moja, ambayo haimo kwenye kisa hiki, niliwahi kukikuta ndani ya droo, kizima, bado kina plastiki yake. Nikauliza kwa nini hakitumiki. Muuguzi akanionyesha saa ya ukutani: betri zimehamia kule, na saa ilikuwa inakwenda sawasawa. Tulicheka wote wawili, lakini kifaa hiki ndicho kinachomnasa mtoto ambaye kwa macho anaonekana mchovu tu, kumbe oksijeni yake iko chini ya asilimia 90 na anatakiwa kupewa rufaa leo hii. Ukipunguza antibayotiki bila kuwa na njia ya kumtambua mtoto huyu, unacheza na maisha yake. Kwa hiyo wale wanaotaka kuchukua programu peke yake, kwa kuwa programu ni bure kunakili na vipimo vina gharama, wajue wanachukua nusu inayopunguza dawa na kuiacha nusu inayolinda watoto.

Na kifaa chenyewe kina kasoro ya kuzaliwa. Hupitisha mwanga kwenye ngozi na kukadiria. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa kilisema oksijeni inatosha ilhali damu yenyewe inaonyesha imepungua, katika asilimia 11.7 ya vipimo, dhidi ya 3.6 kwa wagonjwa weupe. Wale walikuwa watu wazima, hospitali kubwa, kwa hiyo siwezi kuihamisha namba hiyo nzima nzima hadi kidole cha mtoto wa Kyela. Ila mpaka wa 90 ulioandikwa kwenye mti hauulizi rangi ya ngozi. Hauulizi mwinuko pia: Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Morogoro mjini iko kama 500, na hewa ya juu ina oksijeni kidogo. Tabibu anayejua hayo atamwangalia kwa jicho la pili mtoto mwenye 91. Asiyejua ataona namba iko upande salama, basi.

Kitu cha tano kwenye kifurushi hakina betri wala skrini, nacho ndicho ninachokipigia kura. Walezi. Watu wenye ujuzi waliotembelea vituo, waliopiga simu, waliojibu maswali kwenye makundi ya ujumbe, na waliorudisha kwa kila kituo takwimu zake chenyewe: mwezi uliopita mliandika antibayotiki kwa asilimia kadhaa, wenzenu kadhaa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, takwimu zimekuwa zikipanda tu. Kutoka daftari la MTUHA, lile la takwimu za kituo, kwenda wilayani, mkoani, wizarani. Tabibu anajaza, ripoti inaondoka, hairudi. Hajawahi kuambiwa yeye mwenyewe anaandika dawa kiasi gani. Ukimrudishia namba yake, tena ikiwa pembeni ya namba ya kituo cha jirani anakofanya kazi mtu aliyesoma naye chuo kimoja, unaona mabadiliko kabla hata hujamaliza kikao. Si woga. Ni ile hali ya mtu kujiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza.

Utafiti haukutenganisha vitu hivi vitano, na haukudai umetenganisha. Kwa hiyo siwezi kuthibitisha kwamba kioo kilifanya kazi kubwa kuliko mti. Naweza kusema tu kwamba katika nchi yenye programu nyingi za afya zilizokufa baada ya mfadhili kuondoka, nimewahi kuona programu nzuri zikifa na programu mbovu zikiishi, na tofauti ilikuwa ni kama kuna mtu anayepiga simu kuuliza.

Kwa nini basi nasema kisa hiki kina uzito kuliko vile vya akili bandia tunavyoonyeshwa kwenye makongamano? Linganisha na kilichotokea Thailand. Google ilipeleka kwenye kliniki 11 mashine ya kusoma picha za jicho kwa wagonjwa wa kisukari, ikiwa imefundishwa kwa picha nyingi na yenye sifa kubwa maabara. Kufika kliniki, zaidi ya moja ya tano ya picha ilizikataa kwa sababu chumba hakikuwa na mwanga wa kutosha au picha haikuwa safi. Intaneti ikawa ya polepole. Mgonjwa ambaye muuguzi anaona wazi jicho lake ni zima anaambiwa aende akaonane na mtaalamu mbali, apoteze siku ya kazi, kwa sababu mashine imekataa picha. Mashine ilikuwa na akili kuliko mti wa ePOCT+ mara nyingi tu. Ila ilijengwa ikaletwa. Mti wa Mbeya ulitokea kwenye zahanati ukarudi kwenye zahanati, kwa zaidi ya miaka kumi, na kila toleo lilibeba makovu ya toleo lililotangulia.

Makovu mapya yapo. La kwanza ni kazi mara mbili. Tabibu anajaza kishikwambi, halafu anajaza daftari la MTUHA kwa mkono, na kama kituo kina mfumo wa GoT-HoMIS kwa ajili ya malipo na bima, anajaza na huo. Mtoto mmoja, maandishi matatu. Yeyote anayeandika pendekezo la kueneza chombo hiki nchi nzima bila ukurasa unaosema ni daftari gani litaondolewa, amesahau ni nani atakayekitumia.

La pili ni vitendanishi. Amoksilini imezoea njia yake: Bohari ya Dawa, halmashauri, kituo. Kipimo cha CRP kwenye zahanati ni mgeni, hakina njia ya kudumu. Siku vipimo vikiisha, mti unafika kwenye tawi linalouliza CRP na tabibu hana cha kujaza. Anarudi kwenye pumzi 46, yaani anarudi kwenye amoksilini. Ukitaka kujua kama mradi wa aina hii bado uko hai miaka mitatu baadaye, usiulize vishikwambi viko wapi. Uliza kisanduku cha vipimo kina ngapi.

La tatu ni taarifa zenyewe. Jaribio lilimalizika Oktoba 2022. Mwezi uliofuata Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi nyeti. Wakati wa utafiti kuna kamati za maadili, kuna fomu ya ridhaa, kuna mtu wa kujibu. Chombo kikishakuwa huduma ya kila siku, hakuna fomu. Mama anakaa, tabibu anabonyeza, na maisha ya mtoto yanaingia kwenye seva. Nani ataruhusiwa kuyatumia kuufundisha mti ujao? Ile ndoto iliyomo kwenye jina DYNAMIC inahitaji takwimu hizo. Sipingi. Nataka tu swali liulizwe kwa Kiswahili, kwenye benchi la kusubiria, kabla halijajibiwa kwa Kiingereza kwenye mkataba.

Nimewahi kuulizwa kwa nini tuhangaike namna hii kwa ajili ya vidonge vya bei ndogo. Uchambuzi mmoja wa nchi nane, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikadiria kuwa mtoto huandikiwa antibayotiki wastani wa mara 24.5 kabla ya kufikisha miaka mitano. Karibu mara tano kila mwaka. Na mwaka 2019 vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu duniani vilikadiriwa kuwa milioni 1.27. Mtoto wa leo anayepewa amoksilini kwa mafua ndiye huyo huyo atakayeihitaji kesho kwa nimonia ya kweli, na zahanati haina dawa ya pili nyuma yake.

Kipo kipande cha njia ambacho hakuna kishikwambi kinachokifikia. Mama anatoka kituoni na paresetamo na maelezo. Kati ya geti na kituo cha bodaboda kuna duka la dawa, na pale amoksilini inauzwa hata kwa vidonge vichache, bila karatasi ya mtu yeyote. Ataingia au hataingia, itategemea alivyoagwa chumbani. Tabibu aliyesema "hana malaria, nenda" amempeleka dukani. Aliyemwonyesha jibu la damu, akamweleza kwamba kikohozi kinaweza kuendelea siku kadhaa, na kumtajia dalili za kumrudisha mbio (akishindwa kunywa, kifua kikianza kubonyea, akilegea), pengine amemfikisha nyumbani.

Siku ya saba simu inaita. Ni namba asiyoijua. Anaipokea akiwa jikoni, mtoto anasikika nyuma yake. Anaulizwa anaendeleaje. Huko mwisho wa waya kuna mtu mwenye fomu na visanduku: amepona, ana nafuu, hajapata nafuu. Ile 0.97 yote, na watu waliobishana tawi kwa tawi, wamesimama juu ya jibu lake. "Huyu? Kashakula ugali, anasumbua tu hapa."

Kisanduku cha kwanza.